Doa Jekundu Juu ya Shamba Langu

Jumatatu, 1 Septemba. Makutano.

Miezi saba na siku nne tangu nitoke Kasigau. Saa moja asubuhi, juu ya paa la duka la mbegu. Mlima Kenya unaonekana, lakini kama kitu kilichofunikwa shuka kuukuu. Kwenye daftari la kazi nimeandika: unaonekana kwa shida. Nimepangusa kikopo. Nimebadilisha chujio. Lile la zamani lina rangi ya chai.

Mradi una vikopo vitatu vya kupima moshi. Kimoja hapa Makutano, Meru mjini, kimoja Mikinduri, kimoja Runyenjes upande wa Embu. Kinya, binti wa Mikinduri aliyesoma chuo, hukaa na kompyuta akifuata moshi kwa picha za setilaiti, kutoka Msumbiji hadi huku. Mimi niko chini. Picha ikisema moshi umefika Meru, mimi ndiye wa kusema ni kweli, au ni ukungu tu. Ni kibarua cha macho. Lakini pia nabeba betri, nachimba mashimo ya nguzo, nafyeka. Mgongo hauulizi kazi inaitwaje.

Daftari hili lilimwagikiwa chai likakataliwa kwa kazi. Nimelichukua. Humu naandika yasiyohusu mlima.

Jana nilipiga nyumbani. Mke wangu Wakesho alikuwa na haraka. Nyuma yake mwanamume alicheka. Sikuuliza ni nani. Kicheko kile nakijua.

Alhamisi, 4 Septemba. Mikinduri.

Vilima vya Nyambene sivioni kabisa. Vilima vyote vimekwenda. Koo linawasha.

Kinya alifurahi kama aliyepata mgeni. Alinionyesha picha ya juzi kwenye simu yake. Mawingu ni meupe, yana kingo. Moshi hauna kingo. Ni kama maziwa yaliyomwagika juu ya meza ya kijivu. Umetoka kaskazini ya Msumbiji, watu wanakochoma mashamba na nyika, ukavuka Tanzania yote, ukaingia kwetu Taita, ukapanda hadi hapa. Siku nne. Hauna mzigo, hauna nauli, haumwombi mtu ruhusa.

Umepita juu ya paa langu. Mimi nina miezi saba sijaliona.

Nilimwomba anifungulie ukurasa ule kwenye simu yangu. Alinifungulia, akanifundisha. Moto uliowaka huonekana kama doa jekundu. Picha hupigwa setilaiti ikipita, kama saa saba mchana. Nimeishia kidato cha pili lakini hili nimelishika mara moja. Nilivuta ramani hadi Kasigau, nikafuata kijito kikavu, kona ya pili. Nyumba yangu haionekani, ni ndogo mno. Lakini pale ni pale. Siku nzima nilikuwa na furaha ya kijinga.

Jumamosi, 6 Septemba. Makutano.

Niandike juu ya Mwadime, nimalize.

Ni jirani yangu. Ana ng'ombe wawili wa kulima na plau. Alimposa Wakesho kabla yangu, akakataliwa. Alioa kwingine. Mkewe alifariki, sasa mwaka wa pili. Anaimba kanisani. Ana meno yote.

Nilipoondoka, ni mimi mwenyewe niliyemwambia amwangalie ng'ombe wangu. Nilimpa mkono. Nilijiona mtu mkubwa, mtu asiye na wivu. Nilikuwa nadanganya.

Kicheko kile ni chake.

Jumatano, 10 Septemba. Runyenjes.

Doa jekundu juu ya shamba langu.

Nilikuwa nimekaa chini ya nguzo, wakulima wakipita na chai yao kwenye pikipiki. Nikafungua ukurasa. Kona ya pili ya kijito. Hapo hapo. Jekundu kama jicho la mgonjwa.

Katika ukoo wetu shamba likifyekwa kabla ya mvua, mke na watoto hukusanya takataka, lakini anayewasha ni mwenye shamba. Baba alikuwa akirudi kutoka Mombasa kwa siku moja tu, awashe, alale, aondoke. Asiyewasha shamba lake amelitoa. Wakesho analijua hilo. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu alinishikia kibiriti.

Nilipiga simu. Nilimuuliza nani amewasha.

"Amewasha nini?"

"Moto. Shambani."

"Kwetu hakuna moto, Baba Mghoi."

"Mimi nimeuona."

Akasema, "Umeuona kwa macho ya nani?"

Hakucheka. Hakuuliza nimeuonaje nikiwa Embu. Alinyamaza kwanza, kama mtu anayechagua neno. Nilikata.

Ijumaa, 12 Septemba. Makutano.

Doa la pili. Jana saa saba. Pembeni kidogo ya lile la kwanza. Kwa hiyo ni kazi ya siku mbili. Mtu analima shamba langu kwa raha zake.

Nilinunua utumbo kwa Bakari, muuza nyama. Anapenda kunichokoza.

"Mtaita, uso huo umekula ndimu?"

Nikamwambia sina neno.

"Una neno. Mume mwenye mke mbali hununua utumbo. Mwenye mke karibu hununua nyama ya mchuzi."

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mama mmoja akasema, "Mwache jamani, pengine ni mfuko umetoboka." Wakacheka zaidi. Nami nilicheka. Nilitaka kumrushia utumbo wake.

Kazini nimeharibu. Asubuhi niliandika mlima unaonekana vizuri bila kuinua kichwa. Kinya, aliyekuwa amekuja Makutano, akasoma, akatazama dirishani. Kulikuwa na ukuta mweupe tu. Hakupiga kelele. Alisema, "Baba Mghoi, picha naweza kupata popote. Macho yako siwezi." Hilo liliuma kuliko tusi.

Jumapili, 14 Septemba. Makutano.

Nimefanya.

Nilimpigia kaka yangu Mwamburi wakati watu walikuwa wakitoka kanisani. Nilimwambia awaite wazee. Nilimwambia Wakesho ameweka Mwadime mahali pangu. Nilisema shamba, kisha nikasema kitanda. Nililitamka neno lenyewe, silirudii hapa.

Kaka aliuliza, "Nani amekuambia?"

Nikasema nimeona kwa macho yangu.

"Ulikuja lini?"

Nikasema asinihoji, mimi ndiye mwenye mji. Akasema sawa, itakuwa Jumamosi.

Nilijisikia vizuri kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Baada ya hapo sikujisikia chochote.

Jumanne, 16 Septemba. Runyenjes.

Ujumbe wa Wakesho, wote huu: "Nimeitwa mbele ya wazee Jumamosi. Nitakuwepo."

Hakuna salamu. Hakuna habari ya watoto. Siku zote huniandikia Mghoi amepata ngapi shuleni.

Leo hakuna doa. Nimefungua ukurasa mara tisa. Nikiona doa naumia. Nisipoona, nafikiri wamemaliza, sasa wamekaa kivulini wanakunywa maji ya mtungi mmoja. Namwona akimpa kopo. Namwona Mwadime akilipokea kwa mikono miwili, maana ana adabu, ndiyo ubaya wake.

Nimechimba shimo la nguzo mpya futi mbili zaidi ya nilivyoambiwa.

Alhamisi, 18 Septemba. Mikinduri.

Niandike kwa mpangilio.

Kinya aliniuliza kwa nini natazama simu kuliko vilima. Sijui kwa nini nilimwonyesha. Pengine nilitaka mtu mmoja aliyesoma aseme nina haki. Nikamwonyesha madoa mawili, nikamweleza shamba, kibiriti, Mwadime, wazee wa Jumamosi. Yote.

Kwanza alicheka. Kisha aliona sicheki.

"Mzee, hili doa unafikiri ni moto?"

"Ni nini kama si moto?"

"Simama hapo kwa kikopo. Usitoke."

Alitembea kupanda mlima akihesabu hatua kwa sauti. Alipita miraa ya jirani, akapita choo, akapita nyumba ya mabati mekundu. Mia mbili na hamsini. Akasimama, akapunga mkono. Nilimwona mdogo kama kuku. Akarudi. Akaniambia niende chini hatua hizo hizo. Nilivuka shamba la kahawa, ua wa kanisa, barabara, nikaishia kwenye mlango wa shule ya chekechea. Tukaenda kulia. Tukaenda kushoto.

Mwanamume aliyekuwa juu ya mti akichuma miraa alipiga kelele, "Kinya! Mnampimia nani shamba langu?"

"Hatupimi shamba, baba. Tunapima wivu wa huyu Mtaita!"

"Basi kamba yenu haitoshi!"

Tuliporudi kwenye kikopo alinieleza. Setilaiti haioni moto kama jicho. Huona mraba, na mraba huo ni huu wote tuliotembea. Ikihisi joto popote ndani yake, huweka doa katikati. Siku setilaiti ikipita kwa pembeni, mraba hutanuka zaidi. Choo kikiwaka, doa liko hapa. Kanisa likiwaka, doa liko hapa.

Nilihesabu. Mashamba kumi na moja, kanisa moja, darasa la watoto. Doa moja.

Shamba langu ni ekari tatu. Juu yake ni la Mwadime. Kando ni la kina Mwasi. Nyuma yake, hatua mia moja hazifiki, ni ua wa ranchi. Nyasi tupu hadi upeo wa macho, kavu, mwezi wa tisa.

"Piga simu sasa," Kinya alisema.

Nikasema nitapiga nikifika Makutano, kuna mtandao mzuri. Mikinduri mtandao ni mzuri pia. Yeye anajua. Mimi najua.

Nimefika Makutano saa kumi. Sijapiga.

Ijumaa, 19 Septemba. Makutano.

Asubuhi nilipanda juu ya paa, nikashuka. Nilijiambia: hata kama moto haukuwa wangu, kicheko kilikuwa chake. Nilijiambia: mwache aulizwe, aliye safi haogopi kuulizwa. Nilijiambia mengi. Ukweli ni kwamba niliona haya kumwambia kaka kwamba macho yangu ni simu.

Mchana nilimpigia kaka. Hapatikani. Yuko kazini kwake machimboni, huko chini hakuna mtandao. Nimemwandikia: usiwaite wazee. Haijapokelewa. Nilimpigia Wakesho. Inaita hadi inakatika. Mara saba.

Siku moja niliyoikalia. Ningepiga jana angekuwa nyumbani.

Jumamosi, 20 Septemba. Makutano.

Walikaa saa nne asubuhi, uani kwangu. Kaka alinipigia, akaiweka simu juu ya kigoda ili wote wasikie. Nami niliwasikia. Hata jogoo wangu nilimsikia.

Waliniambia niseme nilichoona. Nikasema. Nikasema doa, nikasema setilaiti, nikasema mraba. Nilianza kueleza hatua mia mbili na hamsini. Mzee mmoja akauliza, polepole, "Kwa hiyo mwanangu, mkeo ametazamwa kutoka mbinguni, na bado hukuona vizuri?"

Walicheka. Wakesho hakucheka, ningemsikia.

Kisha Wakesho akaeleza. Moto ulitoka ranchini, Jumatano. Upepo uliuleta kwenye ua. Watu wote wa upande ule walitoka. Mwadime alifunga ng'ombe wake, akalima mkanda mrefu kati ya ranchi na shamba letu, moshi ukimchoma macho, na wanaume wengine wakachoma nyasi za upande wa pili ili moto ukose chakula. Ulirudi kesho yake, wakafanya tena. Shamba letu halikuguswa. Wakesho aliwapikia pure ya mahindi na maharagwe watu kumi na tisa.

Mzee akamuuliza kwa nini hakuniambia nilipopiga.

"Ningesema nini? Nikilitaja jina la Mwadime hukata simu. Nimelitaja mara tatu tangu aondoke. Amekata mara tatu. Nilisema kwetu hakuna moto, na hakukuwa na moto. Mwadime alikuja ile Jumapili kuniambia ng'ombe ana mimba. Nikacheka, naye akacheka. Ng'ombe ni wake Baba Mghoi. Hata hilo hakungoja kuambiwa."

Ni kweli. Mara tatu.

Wakamuuliza Mwadime. Yule mzee hana aibu, alimuuliza kama alimtaka Wakesho.

"Nilimtaka kabla ya huyu," Mwadime alisema. "Akanikataa. Nani hapa hajawahi kukataliwa?" Watu wakacheka tena. Kisha sauti yake ikasogea karibu na simu. "Ndugu yangu, ulinipa ng'ombe nikachunga. Mke hukunipa, na sikujipa."

Nilisema nisameheni. Hapo Wakesho alisema maneno ambayo nayaandika kama yalivyo.

"Asiniombe radhi kwa simu. Aje asimame hapa, aseme mbele ya hawa hawa walioitwa. Nitamngoja hadi mvua ianze, nipande. Nikimaliza kupanda na hajaja, nakwenda kwa mama na watoto wangu."

Wazee wakasema ni haki. Wakaongeza faini ya mbuzi. Kaka akachukua simu, akasema, "Umesikia," akakata.

Jumapili, 21 Septemba. Makutano.

Sikwenda popote. Nimefua nguo zilizokuwa safi.

Niwe mkweli, hakuna anayesoma. Wivu haujaisha. Nimeambiwa ukweli mbele ya watu na bado upo, umebadilika tu. Sasa sioni kopo wala mtungi. Namwona anapita na plau mbele ya moto, kwa ajili ya mahindi yatakayoliwa na watoto wangu. Ile kazi ni yangu. Mimi nilikuwa Runyenjes nimekaa chini ya nguzo.

Afadhali angekuwa mwizi.

Jumanne, 23 Septemba. Mikinduri.

Nyambene vinaonekana nusu. Nimetazama kabla ya kuandika.

Nilimwambia Kinya nataka kwenda. Mkataba ni hadi Desemba. Akasema moshi haujaisha, na ofisi haimshikii mtu nafasi katikati ya msimu. Nikiondoka nimeondoka. Alisema bila ubaya. Akaniuliza kama siwezi kungoja siku chache tu, mvua zianze, vikopo vilale.

Nikamwambia mvua ndiyo mwisho wangu.

Alifungua kompyuta yake. Alinionyesha picha ya mawingu juu ya bahari. Anafikiri mvua ya Taita itaanza baada ya wiki tatu au nne. Hana hakika. Nilimwuliza kama mraba wa mvua ni mkubwa. Alisema ni mkubwa kuliko ule. Tukaachia hapo.

Ameniomba wiki moja na nusu nimfundishe mtu. Nimekubali. Ni haki yake.

Nimempigia Mwadime. Ilinichukua asubuhi nzima kutafuta namba ambayo iko kwenye simu yangu. Nilisema asante kwa plau. Alisema, "Nyasi zilikuwa kavu, bwana, ungekuwepo ungeona." Tulizungumza juu ya ng'ombe. Atazaa Desemba. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Nilimchukia kidogo kwa hilo pia, kisha ikapita.

Jumamosi, 27 Septemba. Makutano.

Bakari amesikia, sijui kwa nani. Mji huu hauna mlango.

"Mtaita, waenda nyumbani?"

"Naenda."

"Leo nikukatie ya mchuzi?"

"Bado. Nipe utumbo."

Alinipa, akaongeza kipande cha ini juu. Hakusema kitu. Watu wa foleni walikuwa wengi, angeweza kusema.

Alhamisi, 2 Oktoba. Runyenjes.

Anayechukua nafasi yangu ni Mama Kendi, mchuma chai wa hapa. Ana miaka hamsini na kitu. Nilimfundisha kupangusa kikopo, kubadilisha chujio bila kupumulia ndani, kuandika saa kabla ya kuandika neno. Nikamwonyesha kilima cha Kirimiri, nikamwambia hicho ndicho kipimo cha hapa. Akasema Kirimiri amekitazama tangu azaliwe, na leo kina moshi wa mgeni, si wa majiko ya watu. Nikamwuliza amejuaje. Akasema wa majiko hukaa bondeni. Mimi ilinichukua miezi miwili kulijua hilo. Nilimwonea wivu, mdogo, wa dakika moja.

Mchana tulikula githeri, pure ya huku, chini ya nguzo. Aliniuliza nina watoto wangapi. Nikasema wawili. Hakuuliza zaidi.

Ukurasa wa ramani nimeufuta kwenye simu. Si kwamba nimekuwa mtu mzuri. Najijua.

Nilizungumza na Mghoi jioni. Amekuwa wa nne darasani. Nilimwambia siku nitakayofika. Akamwita mama yake kwa sauti, akamwambia. Sikusikia jibu, lakini sikusikia mlango ukibamizwa pia.

Kaka amepata mbuzi, atamfunga kwake hadi nije. Wazee wanajua siku. Mwadime anajua.

Natoka hapa Jumatatu asubuhi. Nitalala Voi. Nategemea kufika Kasigau Jumanne, tarehe saba, jua likiwa bado juu, watu wanione nikiingia.